Mazuku na gazi karboniki ni kitu kimoja!

Katika vijitabu kama hiki watu huandika juu ya mahari, ngoma, mazishi na majina ya watoto. Ni vizuri, na sisi tutasoma. Lakini tumechagua desturi moja ambayo hakuna anayeihesabu kuwa desturi, kwa sababu tunaifanya kila siku bila kuvaa nguo za sherehe: ni desturi ya kuviita vitu vya asili. Mvula, radi, nyama, wadudu, mazuku. Tunasema maneno hayo nyumbani, sokoni, juu ya pikipiki, na hatujiulizi yanatufundisha nini.

Tunaandika na hasira kidogo, tusifiche. Katika mkutano mmoja wa walimu, mwenzetu mwenye cheo na sauti nzuri alisimama akasema kwamba Kiswahili ni lugha ya soko na ya maombi, haiwezi kubeba sayansi. Mtoto akiiacha mlangoni mwa kilasi, ataacha na ushirikina pamoja nayo. Watu walipiga makofi. Sisi tulikaa kimya. Haikuwa heshima, ilikuwa aibu, maana kwa miaka mingi tulikuwa tunafundisha hivyo hivyo kama yeye anavyotaka, na siku chache mbele ya mkutano ule tulikuwa tumetoka kuzika.

Tulikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa tano, kijana mwenye akili, wa kule magharibi ya Goma ambako nyumba zimejengwa juu ya mawe ya volkano. Katika mtihani wa shimi tulimpa 9 juu ya 10. Swali moja lilikuwa juu ya gazi karboniki, naye aliandika yote bila kosa, kwa Kifaransa safi: haina rangi, haina harufu, ni nzito kuliko hewa, inazima moto. Wiki tatu baadaye alimtuma mdogo wake asubuhi mapema, jua bado, akafungue mbuzi waliofungwa karibu na shimo. Mbuzi mmoja alikuwa amekata kamba na kuingia ndani. Mtoto akashuka kumfuata. Hakupanda tena.

Kwenye kilio tulikaa karibu na yule kijana. Tulimwuliza polepole, kama mzazi: "Lakini papa, si ile kitu tuliisoma?"

Akatuangalia kama mtu asiyeelewa swali. "Mwalimu, ile ya ku masomo ni gazi karboniki. Ya huku kwetu ni mazuku."

Hatukuwa na jibu. Alikuwa amesema kweli. Sisi wenye diploma ya ISP, tunaokaa katika mji huo huo, tunaolitamka neno mazuku kila tukikataza watoto wetu wenyewe kucheza mashimoni, hatukuwa tumelisema hata mara moja ndani ya kilasi. Tulikuwa tumemfundisha mwanafunzi gesi ya kwenye kitabu, inayokaa Ulaya ndani ya chupa za vioo. Ile iliyokuwa mita mia kutoka kwenye jiko la mama yake tulimwachia ajifunze mwenyewe.

Tusimame hapa kidogo, maana neno hili ni neno la fahari na watu hawajui. Wataalamu wa volkano wa nchi za mbali wanaandika "mazuku" katika maandishi yao bila kulibadilisha, kama vile dunia nzima inavyosema "tsunami" ya Wajapani. Yani sisi tulikopesha sayansi neno! Watu wa huku walikuwa na jina la kitu hicho mbele ya mashine ya kukipima kufika, kwa sababu walikiona kinafanya kazi. Gesi inatoka chini ya ardhi kupitia nyufa za mawe ya Nyiragongo na Nyamulagira. Kwa kuwa uzito wake ni kama mara moja na nusu ya uzito wa hewa, haipandi. Inateremka na kujaa mahali pa chini kama maji yasiyoonekana. Hewa tunayovuta kila siku ina sehemu ndogo sana ya gesi hiyo, kama 0.04 kwa mia. Mashimoni, ikipita 10 kwa mia, mtu anazimia haraka, halafu anakufa. Mbuzi, mbwa na mtoto wanatangulia kwa sababu pua zao ziko karibu na udongo. Mtu mzima anaweza kusimama hapo hapo bila shida, lakini akiinama kuokota kitu anaanguka. Na gesi hiyo hiyo, ndugu zetu, njo ile iliyolala kwa wingi ndani ya vilindi vya Ziwa Kivu pamoja na methani.

Sasa sikilizeni mama mmoja wa Sake, ambaye hakumaliza hata kilasi ya pili. Tulimwomba atueleze mazuku, akasema: "Mazuku inalalaka mu shimo, baba. Usiku inashiba. Jua ikipanda na upepo ikikuja, inaamukaka, inaenda. Usitangulie jua."

Kila kitu kimo. "Inalala" ni uzito. "Inashiba" ni gesi inayozidi kujaa usiku, hewa ikiwa baridi na imetulia. "Inaamuka" ni joto la jua na upepo vinavyoichanganya na hewa nyingine mpaka inapungua nguvu. Na "usitangulie jua" ni amri ya usalama ambayo hatujaiona katika kitabu chochote cha shimi tulichonunua kwa pesa yetu. Yule mtoto alitangulia jua.

Tunajua mwenzetu wa mkutano atasema nini: huyo mama anafikiri mazuku ni pepo au nyama fulani inayolala na kuamka. Labda. Katika maandishi ya wageni neno hilo linatafsiriwa kuwa upepo mbaya unaotembea na kuua usiku, na sisi hatukatai kwamba kuna watu wanaotoa sadaka penye shimo. Lakini pepo anayefuata uzito, saa na mteremko kila siku bila kukosea ni pepo ambaye mwalimu anaweza kumkamata mkono na kumpeleka ubaoni. Kazi ilikuwa imebaki nusu tu. Ile nusu ndiyo tuliyokataa kuifanya.

Na tulikataa kwa nini? Wenzetu wa umri wetu wanajua. Sisi ni watoto wa kibao. Katika shule tuliyosomea, mtoto aliyesikika anasema Kiswahili alivalishwa kipande cha mbao shingoni, akakitembeza mpaka amkamate mwenzake aliyekosa kama yeye. Jioni aliyebaki nacho alipigwa ao alifagia uwanja. Tulijifunza Kifaransa, hatukatai, na leo kinatulisha. Lakini tulijifunza na jambo lingine bila kuambiwa: kwamba vitu vinavyoitwa kwa Kiswahili si vitu vya kufikiria. Ni vya kula, kuogopa na kuombea. Baadaye tukawa walimu, kibao tukakiondoa shingoni, tukakiweka kichwani. Inspekta mmoja alipotukuta tumeandika "udongo wa mfinyanzi" ubaoni alituuliza kama tuko shuleni ao sokoni, nasi tukafuta haraka kama mwanafunzi wa kwanza.

Lakini tusidanganyane. Mwenzetu ana haki upande mmoja, na upande huo ni mkubwa: kuna maneno yetu yanayoua.

Chukueni radi. Mtu akipigwa na radi huku kwetu, wachache wanasema "radi imemupiga". Wengi wanasema "walimutumia radi". Angalieni hicho kitenzi vizuri. Kutuma kunataka mtumaji. Ukishasema hivyo, sentensi yenyewe imefungua mlango, na swali "nani?" limekwisha kuingia na kuketi. Mvula haijakatika bado, watu wamepata jina: ni ule mzee waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba, ni ile mama mjane asiyecheka na watu. Hakuna aliyechunguza mti, kilima wala paa. Mwezi wa Septemba 2021 habari zilitoka Kivu ya Kusini juu ya wanawake waliochomwa ao kuuawa na umati kwa kusingiziwa uchawi. Hatusemi wote walisingiziwa kwa ajili ya radi. Tunasema kwamba mdomo uliozoea "walimutumia" hauko mbali na mkono unaotafuta kiberiti.

Na tunakaa wapi? Mwaka 2016 wataalamu waliohesabu radi kwa kutumia setelaiti walitoa orodha ya mahali zinapopiga zaidi duniani. Ya kwanza ni Ziwa Maracaibo, kule Venezuela. Ya pili iliandikwa kwa jina la Kabare, huku mashariki mwa Congo, na hesabu yake ni zaidi ya radi 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Ya tatu ni Kampene, Maniema. Sababu inajulikana: hewa yenye maji inatoka kwenye msitu mkubwa, inagonga milima yetu, inasukumwa juu, mawingu yanakuwa marefu na mazito kila siku. Kama radi zote hizo zinatumwa, basi kazi ya kuzituma ingehitaji wizara nzima, na watu wasingelima.

Kuna na habari ya gorila. Tarehe 3 Februari 2020, katika parke ya Mgahinga upande wa Uganda, kwenye milima hii hii ya Virunga, walikutwa gorila wanne wa familia inayoitwa Hirwa wamekufa, majike watatu na dume mmoja mdogo, na dalili za miili yao zilionyesha radi. Tuliwauliza wanafunzi: nani aliwatumia? Gorila hawana deni, hawana shamba la kugombania, hawakukataa kutoa mahari. Kilasi kilicheka. Halafu kikanyamaza, na msichana mmoja nyuma akasema: "Basi ile mzee wa kwetu walimufukuza bule." Hatukuongeza neno.

Mwenzetu atashangilia: si mnaona, Kiswahili ndicho kinabeba sumu! Hapana, papa. Tumekaa meza moja na watu wenye lisansi, wanaotamka Kifaransa kuliko Wafaransa, na tumewasikia wakieleza kwa Kifaransa hicho hicho, na wakati wa kitenzi sahihi kabisa, namna radi ilivyotumwa kwa shemeji yao. Ile sentensi ilivaa koti tu. Kama mawazo yangekuwa yanabaki mlangoni pamoja na lugha, mtu wa namna hiyo asingekuwepo. Kitu kinachobaki mlangoni ni mazungumzo. Mtoto anayekatazwa kusema "walimutumia radi" mbele ya mwalimu hataacha kulisema, atalisema fasi ambako hakuna mtu wa kumwuliza "umejuaje?"

Na dawa iko ndani ya Kiswahili chenyewe. Tunasema "radi imepiga", "radi imeanguka", na seremala mmoja aliyepoteza nyumba alituambia "radi ilifuata mti, toka mti ikafuata waya". Kufuata! Hicho njo kitenzi tunachokitaka. Radi inafuata njia inayoifikisha chini kwa urahisi. Ukisema inafuata, swali linalokuja si "nani?" tena, ni "njia gani?", na hapo mtu anaanza kuangalia: shule iko juu ya kilima, haina paratoneri, na mvula ikianza watoto wanakimbilia chini ya mti wa avoka ulio peke yake uwanjani. Kitenzi kimoja kinakupeleka kwa mjane, kingine kinakupeleka kwa mti.

Juu ya wadudu tutasema machache. Mwaka 1994, kipindupindu kilipoua watu kwa maelfu na maelfu katika kambi za wakimbizi Goma, na kila mara kinaporudi, waganga wanasema maji yana wadudu. Mama anainua gilasi kwenye mwanga, anaangalia, haoni mdudu, anamnywesha mtoto. Amefanya uchunguzi kulingana na neno alilopewa! Mdudu kwake ni kitu chenye miguu. Ukimwambia "vidudu ambavyo jicho haiwezi kuona hata ukikaza, mpaka maji ichemke ndiyo vinakufa", hiyo ni sentensi ndefu zaidi, ni kweli, lakini inaokoa. Watu wa afya wana haraka, wanasema "wadudu" na kuondoka.

Nyama ni jambo gumu zaidi, na hapa tumebishana hata sisi kwa sisi. Katika Kiswahili cha pwani wanatenga mnyama na nyama. Sisi huku tumeviweka pamoja: anayetembea porini ni nyama, na anayechemka kwenye sufuria ni nyama. Tukionyesha picha ya okapi, swali la kwanza la kilasi huwa: "Mwalimu, ile nyama wanaikulaka?" Parke ya Virunga ilianzishwa 1925, ya Kahuzi-Biega 1970, ni kama miaka mia moja kwa ya kwanza, na bado neno halijabadilika. Watu wa mazingira wanakuja na mabango, wanatuambia tupende wanyama. Wanafunzi wanasoma, wanatoka, wanasema nyama.

Lakini jamani, neno hilo zamani halikutembea peke yake. Lilitembea na mwiko. Koo nyingi za huku zina nyama ambayo mtu wa ukoo hagusi, kwa sababu ni ndugu, ao iliokoa babu, ao basi tu ni mwiko na haulizwi. Kwa hiyo wazee walisema nyama, na hapo hapo walijua hii si ya kwangu. Neno lilikuwa na ukuta. Tukafika sisi wa shule na wa dini, tukasema mwiko ni ujinga. Tuliondoa ukuta, neno tukaliacha. Halafu leo tunashangaa mbona watoto wanaona chakula kila wanapoona manyoya! Tusisingizie Kiswahili kosa ambalo tulilifanya wenyewe kwa kalamu. Sisi hatuombi watu warudie kuogopa. Tunasema tu kwamba mwalimu wa bioloji akimwuliza kila mtoto mwiko wa ukoo wake, siku ile ile atakuwa na orodha ya nyama ambazo tayari kuna mtu wa kuzitetea, na haitaji bango.

Wengine watatuambia tunavunja kanuni ya serikali. Kanuni gani? Sheria namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya elimu ya taifa inazitambua lugha za taifa na za mazingira kama chombo cha kufundishia na kujifunzia na pia kama somo. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika Katiba ya 2006. Tuliisoma sheria hiyo neno kwa neno, na ndani yake hatukukuta kibao cha shingoni.

Tangu kilio kile tumebadilisha somo. Tunanunua sokoni siki na bikarbonati, vitu vya jikoni. Tunaweka mishumaa mitatu ndani ya beseni yenye ukuta mrefu: mfupi, wa kati, mrefu. Tunamwaga siki juu ya bikarbonati chini ya beseni, polepole. Povu linapanda, gesi inajaa bila kuonekana, na mshumaa mfupi unazimika kwanza, wa kati unafuata, ule mrefu unaendelea kuwaka. Tunauliza: "Ile mufupi ni nani?" Mwaka wa kwanza tulipofanya hivyo kilasi kizima kilijibu kwa sauti moja, "Mbuzi!", na mmoja akasema "Mutoto." Hapo tunaandika ubaoni kwa herufi kubwa: MAZUKU = GAZI KARBONIKI = CO2. Majina matatu, shimo moja. Halafu wanaandika somo kwa Kifaransa, maana mtihani wa taifa unawangoja na hatutaki wafeli. Wanaandika vizuri kuliko zamani.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kuuliza wazee ni mashimo gani yenye mazuku katika mtaa, yanakuwa makali saa ngapi, na ni nini kilikufia humo. Walileta kumi na manne. Tulichora ramani kwenye karatasi kubwa, kila shimo na jina lake la Kiswahili ao la Kihunde, na saa ya hatari pembeni. Tukaipeleka kwa mkubwa wa mtaa ili ibandikwe kwenye bomba la maji, mahali ambapo watoto wanapita na bidoni mbele ya jua. Aliisifu sana. Akasema atabandika, lakini kwanza tuiandike upya kwa Kifaransa, ili iwe na uzito.

Tumekataa. Tunamwona kila Jumatatu, na ramani bado iko kwenye meza yake.